Mfuko wa Kushoto

Nilimtambua kwa mikono yake. Tulikuwa wanawake wengi nyuma ya nyumba ya marehemu Bi Zaina, Handeni, siku ya tatu ya msiba, tumekaa juu ya mikeka tunachambua mchele. Mama mmoja aliyejitanda kanga ya buluu alimaliza ungo wake, akausukuma pembeni, akapiga viganja mara moja, polepole, kisha akavigeuza juu na chini kama mtu anayeonyesha kwamba hakubaki na kitu. Hakuna aliyeshangaa. Wenzake walidhani anakung'uta vumbi la mchele. Mimi niliacha kuchambua, mkono umebaki ndani ya ungo, kwa sababu ishara ile naijua ilikotoka, na katika uwanja ule wote tulikuwa wawili tu tunaoijua. Wa tatu ndiye tuliyekuja kumzika.

Mwaka niliokaa na Hilda, maana mama yule ndiye yeye, ni mmoja tu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, yeye ananizidi kidogo. Habari za nyumbani kwetu na kwa nini nilitoka naziruka, hazina tofauti na za watu wengine. Naanza pale nilipoingia kwenye hoteli ile ya Korogwe, ambayo siitaji jina kwa kuwa wenyewe waliondoka zamani na hawapo kujitetea, na jengo siku hizi wanauzia vigae na masinki. Niseme mapema kwamba mimi si mwandishi. Niliishia darasa la saba, nikajifunza cherehani, na mpaka leo ni fundi nguo pale Kabuku. Nilicho nacho ni madaftari. Tangu usichana huandika kila siku mistari miwili mitatu: nimekula nini, nani kaja, mvua imenyesha au la. Daftari la mwaka ule liko hapa mezani, panya wametafuna jalada, na nikilisoma naona limesema uongo mara mbili. Mara ya kwanza niliandika nikijua. Mara ya pili sikujua, na sikuja kujua mpaka juzi kwenye msiba.

Watu wakisikia kasino hufikiri mataa na wazungu. Yetu ilikuwa ukumbi mmoja wa chini, madirisha yamezibwa kwa mbao na mapazia mazito ya zambarau, ukutani hakuna saa. Nje jua la Korogwe linachoma lami, abiria wa mabasi wanashuka kula wali kuku, mle ndani ni ubaridi wa mashine na moshi wa sigara, na mtu aliyeingia baada ya chai ya asubuhi akitoka hushangaa kukuta watoto wa shule wanarudi nyumbani. Kulikuwa na mashine chache za kutumbukiza sarafu, meza mbili za karata na gurudumu moja. Wateja walikuwa wenye mabasi, wakandarasi wa mashamba ya mkonge, wanunuzi wa madini, na wengine ambao siwasemi kwa kuwa leo ni wazee wenye heshima zao. Vyumba vya kulala vilikuwa juu. Mimi na Bi Zaina tulikuwa nyuma kabisa, chumba cha udobi, chenye mabeseni ya saruji, meza ndefu ya pasi, na uwanja wa kamba za kuanikia. Ukisogeza shuka unaiona milima ya Usambara imesimama pale, Hilda akiniambia kwao ni nyuma ya ule wa tatu, nami kila siku nikihesabu mwingine.

Bi Zaina alikuwa mkuu wa udobi, Mzigua mwenzangu wa Handeni, mama wa mikono minene aliyekamua blanketi peke yake. Adhuhuri alisali kwenye kona ya meza ya pasi, kisha anarudi kwenye mashuka. Mwezi wa kwanza nilikuwa na mashaka, nikamuuliza.

"Bi Zaina, sisi si tunakula pesa ya kamari?"

"Wewe umecheza?"

"Sijacheza."

"Mimi nafua shuka. Shuka halijui limelaliwa na nani. Lete sabuni."

Nikaridhika. Lakini siku nyingine, tunakunja taulo, yeye mwenyewe akairudia habari ile bila kuulizwa. "Lile nililokwambia la shuka," akasema, "nilikwambia ili upate usingizi. Mimi mwenyewe sijui." Naliandika hili kwa sababu watu wakifa husifiwa kwamba walikuwa na jibu la kila kitu. Yeye hakuwa nalo, na ndiyo maana nilimpenda.

Wacheza kamari wana masharti kumshinda mganga. Mzee mmoja mwenye mabasi alikuwa akifikia chumba namba sita. Akiwa anashinda hataki shuka libadilishwe wala sakafu ifagiliwe, nami napita mle kwa ncha za vidole naokota vikombe tu. Akishindwa anatoka mwenyewe koridoni, "Binti, toa kila kitu. Mpaka pazia." Kwa hiyo hatukuwa na haja ya kumuuliza mtu mchezo umekwendaje, tulitazama kapu la nguo chafu. Kapu likijaa, Bi Zaina anasikitika, "Maskini, leo wamemnyoa," na kapu likiwa jepesi anafurahi, nadhani kwa ajili ya mgongo wake zaidi kuliko kwa ajili ya mzee.

Lakini kazi iliyofanya niajiriwe mimi na si mwingine ilikuwa sindano. Wachezeshaji, yaani wale vijana wanaogawa karata na kuzungusha gurudumu, hawakuruhusiwa kuwa na mfuko. Sare zao zililetwa kutoka Dar es Salaam zimeshonwa kama nguo yoyote, suruali au sketi nyeusi na kizibao chekundu, na mimi nakaa kwenye kigoda naziba mfuko mmoja mmoja kwa uzi mweusi, mishono midogo ya karibukaribu. Hii ni kwa sababu ya vile vibao vya plastiki vya kuchezea, vya rangi rangi, ambavyo sisi wafanyakazi tuliviita vifungo kwa kuwa vilifanana na vifungo vya koti kubwa. Kifungo kimoja cha buluu kilikuwa na thamani kubwa kuliko mshahara wetu. Na mchezeshaji akiondoka mezani, hata kama anakwenda kunywa maji, lazima apige viganja mara moja na kuvigeuza, kamera ya juu ione mikono mitupu. Ukifanya hivyo mara thelathini kwa siku, mkono unazoea. Hilda alikuwa akipiga viganja hata akimaliza kula.

Chakula cha wafanyakazi kilikuwa saa tano, kabla mabasi ya Arusha hayajaingia, kwenye benchi nyuma ya jiko. Ugali, maharage, mchicha. Ijumaa tulipata ukoko wa pilau, na ugomvi wa ukoko ule ulikuwa mkubwa kuliko wa meza za ndani. Hilda alikuwa Msambaa wa Bungu, mfupi, mwepesi, ana mwanya, na hakuweza kukaa karibu na Mzigua bila kumchokoza.

"Mwajuma, kwenu Handeni ugali mnakula na nini? Na jua?"

"Na nyie mnakula mguu mmoja juu mmoja chini. Mkikalishwa tambarare mnaanguka."

"Afadhali kuanguka. Wewe umekauka mpaka maneno yanakwaruza."

"Kuleni, nyie," Bi Zaina anasema, "mabasi hayo."

Na Hilda akimaliza, viganja, pa, juu, chini. Mpishi anamwambia, "Hapa hakuna kamera, mama. Ila ukiniibia kijiko nitakufuata mpaka Bungu." Tunacheka, kila siku utani uleule, na kila siku tunacheka.

Alikuwa na desturi ya kutoka ukumbini wakati wa mapumziko na kuja kusimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Bado jua?" Kisha anavuta pumzi. Nilidhani anapenda harufu ya sabuni. Siku moja akaja ameshika ukuta, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi, ananionyesha kwa kidole upande wa mapokezi, na mimi nikakimbia bila kujua nakimbilia nini mpaka mpokeaji wageni akanifungulia kabati la wafanyakazi na nikaona kile kipampu cha pumu ndani ya mkoba wake. Nilirudi nimekumbatia mkoba wote. Akavuta mara mbili, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Bi Zaina alimkanda mgongo. Alipopata sauti alisema, "Msimwambie meneja. Siku ya kuajiriwa aliniuliza kama nina ugonjwa wa kifua, kwa sababu ya moshi. Nikasema sina."

Ukumbi mpaka kabatini ni mwendo wa kuvuka mapokezi yote. Kwa mtu mzima si kitu. Kwa mwenye kifua kilichobana ni mbali.

Hapa nafika mahali ambapo siaminiki. Sare mpya zilipoletwa, mfuko wa kushoto wa sketi ya Hilda sikuuziba. Niliuacha wazi, nikaupiga pasi ulale, na kizibao kikishuka hauonekani. Siku zote nimekumbuka kwamba Hilda aliniomba, kule kwenye kamba, kwa sauti ndogo. Hilda juzi kaniambia hakuniomba, mimi ndiye niliyekuja nayo, nimeikunja sketi kwenye gazeti, nikamwambia "Kushoto." Daftari halisemi. Siku ile nimeandika tu kwamba sare zimefika na kwamba nimejichoma kidole. Sasa sijui. Huenda nimejitengenezea kumbukumbu ya kuombwa ili mzigo tugawane. Kama ni hivyo, basi nilimwekea Hilda mzigo usio wake kwa miaka yote hii, ndani ya kichwa changu, bila yeye kujua.

Alikaa na mfuko ule karibu miezi minne. Hakuiba kitu. Pampu ilikaa pale, na hakuja tena kwangu ameshika ukuta.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, saa nane mchana, zamu ya asubuhi inakabidhi. Kifungo kimoja cha buluu hakikuonekana. Wanaume walipekuliwa ofisini, wanawake wakaletwa udobini, Bi Zaina ndiye mama mtu mzima, akaambiwa awapekue yeye. Bwana Faraji, meneja wetu, alisimama mlangoni ametupa mgongo. Alikuwa mtu wa Tanga mjini, mpole, hajawahi kunitukana hata siku moja, na kwamba alitupa mgongo lazima niliseme, maana angeweza kutazama. Nilikuwa mezani natengeneza pindo la kitambaa, sindano mkononi. Bi Zaina alimpapasa wa kwanza, wa pili, akafika kwa Hilda. Kulia pamezibwa. Kushoto mkono wake ukazama.

Akasita. Nadhani asingesita Bwana Faraji asingegeuka.

"Vipi, Bi Zaina?"

"Pampu ya pumu," akasema Bi Zaina. Ndicho kilichokuwemo, na ndicho alichosema.

"Imetoka wapi?"

Bwana Faraji akaitazama sketi, akanitazama mimi. "Nani anaziba hizi?" Swali halikuwa na maana, alijua. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo, ila sijui kilichokuwa kinataka kutoka, kwa hiyo siwezi kujipa sifa kwa hilo.

"Mwajuma aliziba vizuri, meneja," Hilda akasema. "Mimi nilifumua. Kwa ajili ya pampu."

"Ungeniambia una pumu."

"Ungeniajiri?"

Bwana Faraji alifikiri kweli. "Sijui," akasema. Kisha, "Habari ya kifungo sikusingizii, Hilda, sijakiona kwako. Lakini mfuko ni mfuko. Sheria hii sikuitunga mimi, na leo siwezi kuipindisha mbele ya wote hawa." Mshahara wake wa mwezi mzima alimpa, ingawa mwezi ulikuwa nusu. Sketi ilibaki juu ya meza ya pasi.

Bi Zaina aliichukua, akapitisha kidole gumba kwenye mdomo wa ule mfuko, taratibu, mara mbili. Nguo iliyofumuliwa huacha vitundu, hasa kitambaa kizito kama kile, kila mshono na kitundu chake. Mfuko ule haukuwa na kitundu hata kimoja. Akaiweka chini. Akaniambia, "Nenda stendi. Amekwenda kufunga vitu vyake chumbani. Nenda, mimi nitapiga pasi."

"Ngoja nimalize hivi vitambaa."

"Vitambaa vya meza havina gari la kuwahi, Mwajuma."

Sikwenda. Bi Zaina alitoka kuokoa mashuka yaliyosahauliwa kwenye mvua, nikabaki peke yangu na ile sketi, nikafanya jambo ambalo sikumwambia mtu mpaka juzi. Nilitia uzi mweusi kwenye sindano, nikauziba ule mfuko, mishono yangu ileile ya karibukaribu. Kisha nikachukua wembe nikaufumua. Nikatoa vipande vya uzi, nikaacha vitundu. Jioni Bwana Faraji alikuja kuichukua, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaviona, akatikisa kichwa kukubali. Uongo ambao Hilda aliusema ili kuniokoa, mimi niliupatia ushahidi.

Na kwenye daftari, tarehe ile, nimeandika hivi: "Mvua. Hilda kaenda kwao kumuuguza mama yake. Maharage na mchicha." Mama yake Hilda hakuwa mgonjwa. Daftari langu mwenyewe, ambalo hakuna mtu analisoma, nililidanganya.

Siku ya tatu tangu Hilda aondoke nilikuwa naloweka suruali za wanaume. Zile suruali zilikuwa na pindo la kukunjwa nje chini, mtindo wa wakati ule. Nikaigeuza ya Rajabu, mchezeshaji wa gurudumu, kitu kikalia kwenye beseni la saruji. Kifungo cha buluu. Kilianguka mezani, kikaingia kwenye pindo la suruali, na Rajabu alitembea nacho bila kujua, maskini, akapiga viganja, akageuza, mikono yake kweli mitupu. Mifuko yote tuliiziba, pindo hakuna aliyelifikiria. Bi Zaina alikikausha kwa kanga yake, akakipeleka. Aliporudi alisema Bwana Faraji alikaa chini, akakitazama muda, akasema, "Sikumwachisha kwa hiki." Ni kweli, hakumwachisha kwa hicho. Kesho yake nikaagizwa kushona mapindo yote ya suruali yabane. Nikayashona. Kila nilipochoma sindano nilijiambia leo nitakwenda ofisini niseme, na kila siku kukawa na nguo za kufua. Juma lililofuata daftari linasema: "Bi Zaina kaenda msibani kwao Handeni, siku mbili. Nafua peke yangu."

Mwaka ulipokwisha niliacha kazi, nikanunua cherehani, nikaenda Kabuku. Nimeshona sare za shule, magauni ya harusi, mapazia, na sijawahi kuziba mfuko wa mtu tena. Mteja mmoja aliwahi kuniletea suti, anataka mifuko ya koti izibwe isitanuke. Nikamwambia aende kwa fundi mwingine. Alidhani nina kiburi.

Basi juzi nilisogeza ungo wangu mpaka kwenye mkeka wa mama wa kanga ya buluu. Sura imejaa, nywele zina mvi pembeni, mwanya upo.

"Msambaa," nikamwambia.

Hakushtuka. Alinitazama kama mtu aliyekuwa anangoja tu nimalize mchele wangu. "Mzigua. Umekauka zaidi."

Tukashikana mikono muda mrefu, wanawake wakatupisha kidogo. Tukaendelea kuchambua kwenye ungo mmoja, kwa sababu kuna mambo ni rahisi kuyasema ukitazama mchele. Nikamuuliza nani alimpa habari za msiba. Akasema mtoto wa marehemu, maana yeye na Bi Zaina walikuwa wakipigiana simu miaka yote.

"Tangu lini?"

"Tangu alipokuja Bungu."

"Bi Zaina alikuja Bungu?"

"Si mara moja baada ya kile kifungo kuonekana? Alipanda na ile miguu yake, kafika imevimba, mama akamwekea maji ya chumvi. Akamwita baba, akamwita mjomba, akasema mbele yao, huyu binti hajaiba, kifungo kimeonekana kwenye suruali ya mtu, nimekishika mimi. Kalala siku moja, kashuka." Akatupa kijiwe nje ya ungo. "Kijijini walishaanza kusema, Mwajuma. Yeye ndiye aliyewanyamazisha."

Siku mbili. Nafua peke yangu. Nilikuwa nimemwandikia Bi Zaina msiba ambao haukuwepo, na kwa miaka yote niliyomtembelea hapo Handeni, nikamletea kanga, nikanywa chai yake, hakuwahi kunitajia. Najiuliza kwa nini. Huenda alitaka nimuulize mwenyewe Hilda yuko wapi. Sikuwahi kumuuliza.

"Na habari ya mfuko?" nikasema. "Alikwambia?"

"Aliniuliza nani aliuacha wazi. Nikasema nilifumua. Akaniambia, Hilda mwanangu, mshono nimeushika mimi. Basi nikacheka, naye akacheka. Hatukuliongea tena."

Nikamwambia yaliyobaki. Kwamba niliuziba ule mfuko baada ya yeye kuondoka, kisha nikaufumua, ili vitundu viwepo. Sikupunguza neno. Hili hakulijua. Mikono yake ilisimama kwenye ungo, na mama mmoja upande wa pili akauliza kama mchele umekwisha.

"Uliuziba kwanza," akasema Hilda.

"Niliuziba."

"Kisha ukaufumua."

"Kwa wembe."

"Kwa mishono yako ile midogo midogo?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa na kazi, Mzigua." Akaendelea kuchambua. Sikujua kama amekasirika. Baada ya muda akasema, "Hilo nakuachia. Ungesema, tungeondoka wawili, na hapakuwa na faida, nililifikiria palepale. Lililoniuma ni stendi."

"Stendi."

"Nilikuwa na begi na ndoo, mvua inanyesha, kifua kimebana. Niliacha gari mbili zipite. Kondakta ananiuliza, dada unangoja nani? Namwambia nangoja Mzigua mmoja, anatembea kama kobe, atafika."

"Ningekuja ningesema nini, Hilda?"

"Nani alitaka useme? Ungebeba begi."

Nimefikiri juu ya jibu lile tangu siku hiyo. Miaka yote nilijitetea moyoni kwa habari ya mdomo wangu, kwamba ulifunguka, kwamba sikuulizwa vizuri, kwamba aliniwahi. Kumbe kilichokuwa kinatakiwa kwangu ni mikono, nayo ilikuwa inashona vitambaa vya meza.

Kesho yake mchana, baada ya dua na chakula, alisema anarudi, awahi gari la Korogwe apate la kupandia Bungu. Nilichukua begi lake kabla hajaliinua. Akaniacha. Tulitembea taratibu mpaka stendi ya Handeni, akisimama mara mbili kuvuta pumzi, na mara ya pili akatoa pampu kwenye mkoba, akavuta, akanitazama kwa jicho la utani. Nikaliweka begi chini ya kiti chake, nikashuka. Akaniita dirishani, akanikabidhi vitu kimoja kimoja: mfuko wa maharage ya kwao, furushi la majani ya chai, na kitenge kipya cha kijani kimekunjwa kwenye gazeti.

"Hivi nilivileta nikijua utakuwepo. Chai kunywa. Kitenge nishonee gauni, vipimo nitakutumia kwa simu, usikisie, nimenenepa."

"La mtindo gani?"

"Lolote. Liwe na mifuko. Wa kushoto uwe mrefu."

Gari likawashwa. Likaanza kurudi nyuma, na pale dirishani Hilda akapiga viganja mara moja, akavigeuza juu, akavigeuza chini, mitupu, akacheka na mwanya wake. Nilitaka kumjibu. Lakini nilikuwa nimekumbatia maharage, chai iko kwapani, kitenge mkono wa kushoto, nikasimama hivyohivyo na mikono yangu imejaa mpaka gari likakata kona.